Rejista Kumi na Sita

Ripoti ya kwanza fundi Mathe aliiandika kwa nusu saa, na tusidanganyane, aliiandika akiwa na njaa na haraka. Mashine imekaguliwa mezani siku nzima. Mashine haina kasoro. Akaweka sahihi, akagonga muhuri wa karakana, akamkabidhi dereva wa taxi aliyekuwa akielekea Beni. Karatasi moja tu. Ndiyo iliyomsimamisha kazi muuguzi Godelive, mwanamke aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa wake, na ndiyo iliyowapa majirani ruhusa ya kumwita muuaji.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la joto la watoto njiti, lile ambalo wauguzi wetu huliita couveuse. Karakana ya Butembo ilikuwa imetengeneza masanduku kumi na manne na kuyasambaza kwenye vituo vya afya, toka Kipese juu milimani hadi Manguredjipa kule kwenye dhahabu. Mbao alichonga seremala. Betri, paneli za jua na vipuri vyote vililetwa na mwenye karakana, mzee Kahongya, mfanyabiashara ambaye huenda Guangzhou kama wengine waendavyo sokoni. Lakini akili iliyokuwa ndani ya kile kijisanduku cheusi cha pembeni ilikuwa ya Mathe peke yake. Hakunakili programu ya mtu. Aliandika yote kwa mkono wake, hata kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamua kazi ipi ifanywe sasa na ipi ingoje. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi, na waliomfahamu walikuwa wamechoka kulisikia.

Katikati ya msimu wa mvua, mwanamke aitwaye Joyeuse alifika Beni kwa miguu akitokea Eringeti, mimba ya miezi saba tumboni, milio ya risasi nyuma yake. Alijifungua siku mbili baadaye mtoto wa kike wa kilo moja na gramu mia mbili. Mtoto akawekwa katika sanduku la joto la zahanati moja ya mjini, chini ya uangalizi wa Godelive. Siku kumi na moja akaishi humo. Akaongezeka uzito, akaanza kunyonya kidogo kidogo, mama yake akaanza kucheka.

Siku ya kumi na mbili, saa saba mchana, Godelive alimwacha mtoto akiwa mzima, akaenda chumba cha pili kumzalisha mwanamke mwingine. Alikuwa peke yake zamu ile. Aliporudi saa nane na dakika kumi alimkuta mtoto anachemka, midomo imekauka, pumzi fupi fupi. Akazima mashine, akamtoa, akaita daktari. Mtoto alikufa kabla jua halijazama.

Kumbukumbu ya mashine ilionyesha kwamba kwa saa ile nzima sanduku lilijiona baridi, nyuzi thelathini na nne, na ndiyo maana lilizidi kuwasha joto. Basi kamati ya zahanati ikapata hadithi yake. Muuguzi aliacha kidirisha cha sanduku wazi, kipimo kikapigwa na upepo, godoro likachemka, naye aliporudi akafunga kidirisha na kukana. Godelive alisema alikifunga. Mashine ilisema kulikuwa na baridi. Mathe akasema mashine haina kasoro. Sasa kati ya mwanamke mchovu na namba zilizopigwa muhuri, wewe ungemwamini nani? Wakaamini namba.

Miezi miwili ikapita. Kamati ilipokaribia kutoa uamuzi wa mwisho, yaani kumfuta kazi Godelive na kupeleka jina lake kwa mwendesha mashtaka, mkuu wa zahanati, Docteur Gustave, alimtumia Mathe nakala ya ukurasa mmoja. Alitaka maoni ya mwisho ya fundi, basi. Ulikuwa ukurasa wa daftari la remise-reprise.

Hapa Kongo hakuna mtu anayeacha kiti chake bila remise-reprise. Mkuu wa shule akihamishwa, au mlinzi wa ghala akienda likizo, ataandika kila kitu anachokiacha, kila ufunguo na kila jambo lililo nusu njiani, na anayepokea atatia sahihi kwamba amekikuta. Wauguzi hufanya hivyo kila zamu. Wengine huandika mistari miwili ya kuondoa lawama. Godelive alikuwa mtu wa kuandika yote.

Mathe alisoma ukurasa ule akiwa amesimama mlangoni mwa karakana, kikombe cha chai mkononi.

*Saa saba kamili. Kwapani 36,7. Machine 36,6. Kidirisha kimefungwa. Mvua siku ya tatu. Nakwenda kuzalisha salle ya pili, niko peke yangu.*

*Saa nane na dakika kumi. Kwapani 39,8. Machine inaonyesha 34,1. Kidirisha kimefungwa. Taa ya betri nyekundu. Nimezima machine. Nimeita Docteur.*

Alisoma mara ya pili. Kamati ilikuwa imesema kwamba maneno hayo yaliandikwa baadaye, kwa ajili ya kujikinga. Lakini mtu anayejikinga huandika juu ya kidirisha, kwa sababu kidirisha ndicho alichoshtakiwa nacho. Taa ya betri ilimhusu nini? Hakuna aliyemuuliza habari za betri. Aliandika kwa sababu aliiona inawaka. Mathe aliweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ripoti yake akaogopa.

Mezani pale alipoikagua mashine siku ile, alikuwa ameiunga na umeme wa mjini. Betri haikushuka hata kidogo. Sasa akachukua sanduku la aina ileile, akakata waya wa umeme, akaweka ndani chupa ya maji ya vuguvugu na pembeni yake kipimajoto cha hospitali, akafunga kidirisha na kusubiri. Mpaka baada ya chakula cha mchana namba hazikuyumba, hata zile za baada ya virgule, nukta ya desimali: thelathini na sita virgule sita, virgule tano, virgule sita. Kisha taa ya betri ikawa nyekundu. Namba kwenye kioo ikawa thelathini na sita kamili. Halafu thelathini na tano. Halafu thelathini na nne virgule tatu. Kipimajoto ndani ya sanduku hakikushuka hata nukta. Kilikuwa kinapanda.

Akakaa juu ya rundo la mbao. Hakuhitaji kutafuta sana. Alifungua programu, akaenda moja kwa moja kwenye ile mistari michache ya kiini ambayo alikuwa hajaigusa kwa miaka miwili, na kosa lilikuwa pale, limemkodolea macho.

Kichakataji cha mashine ile ni kimoja, na kazi zake ni nyingi. Hupiga hesabu ya joto kidogo, huiacha, hupiga hesabu ya betri kidogo, huiacha, hurudi kwenye joto. Namba kinazozishughulikia kwa wakati ule hukaa katika rejista, yaani vijisehemu vichache sana vilivyo ndani ya kichakataji chenyewe, na kila kazi huzitumia hizo hizo. Kwa hiyo kabla ya kuikatiza kazi moja, kiini lazima kichukue namba zote zilizo katika rejista na kuziandika pembeni, kwenye kumbukumbu. Kazi ile inaporudi, kiini huzirudisha moja moja mahali pake, kisha huiambia endelea. Kazi iliyokatizwa haitakiwi hata kujua kwamba ilikatizwa. Ukisahau rejista moja, kazi haisimami na kulalamika. Inaendelea na namba ya mwenzake, ikidhani ni yake.

Kichakataji cha zamani hakikuwa na rejista za namba zenye virgule, na kiini cha Mathe kilihifadhi kila kilichokuwepo. Mwaka jana Kahongya alirudi kutoka Guangzhou na vichakataji vipya. "Ni ya kisasa, ukoo moja na ile ya zamani," alisema, na alisema kweli. Vilikuwa na rejista thelathini na mbili za namba za virgule peke yake. Nusu ya kwanza kichakataji chenyewe huzihifadhi. Nusu ya pili, kumi na sita, ameachiwa mwandishi wa kiini. Mathe aliona mahesabu yamekuwa mepesi, akafurahi, akafunga sanduku. Mahesabu mafupi hayakufika katika nusu ile ya pili. Wastani wa joto, hesabu ndefu, ulifika. Hesabu ya betri nayo ilifika.

Na ni yeye mwenyewe, kwa kutaka usalama, aliyeagiza kwamba betri ikikaribia kwisha ipimwe mara hamsini kila sekunde. Siku za jua kazi hizi mbili hazikukutana kabisa. Siku ya tatu ya mvua zilikatizana bila kupumzika, na volti kumi na moja za betri zikaingia katika jumla ya joto la mtoto, zikaivuta chini. Mashine ikamwona mtoto ana baridi. Ikawasha.

Kahongya alisikiliza yote bila kukatiza. Alikuwa mtu mwema, nawaambia mapema ili msimchukie bure. Ndiye aliyetoa sanduku la kwanza baada ya mjukuu wake kufa kwa baridi.

"Kutengeneza inachukua muda gani?" aliuliza.

"Nimeshatengeneza, Papa. Ni mistari mbili ya kuhifadhi na mbili ya kurudisha."

"Mistari ine." Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Basi sikiliza. Couveuses kumi na ine. Leo mu ile masanduku kuko batoto tisa. Ukisema machine iliua mutoto, kesho bamama batatoa batoto yabo mu couveuse na kubafunga mu blanketi. Batakufa. Enda weka programme mupya kila pahali, pole pole. Bintu ingine, Mungu anajua."

"Na Mama Godelive?"

Kahongya alisimama. Alichukua kofia yake akatoka.

Mathe alifanya lililokuwa sahihi kwanza. Alipiga simu vituo vyote: taa nyekundu ikiwaka, zimeni, mpasheni mtoto joto kifuani kwa mama. Kisha akapanda pikipiki na kompyuta mgongoni. Siku mbili za matope kwenda Manguredjipa na kurudi. Kipese alinyeshewa mpaka mifupa. Kila alipofika wauguzi walimpa kiti, walimpa viazi, wakamshukuru: "Wasingya, ingénieur, Mungu akubariki," naye aliinamisha kichwa akaunganisha waya. Alijiambia kwamba watoto walio hai wanatangulia, na hilo lilikuwa kweli. Alijiambia pia kwamba akimaliza atasema. Lakini alipanga safari yake akaizungusha, akapitia vituo vya mbali kabla ya vya karibu, na Beni akaiweka mwisho kabisa. Mwoga hodari hapungukiwi na kazi ya kufanya. Siku tisa zikaisha hivyo.

Siku ya kumi alifika zahanati ya Beni saa tatu asubuhi, tope la njia ya Kabasha likiwa bado kwenye nyusi. Alitaka kuweka programu na kuondoka. Muuguzi kijana aitwaye Séphora alimfungulia chumba cha watoto, akamwonyesha sanduku, halafu akasema bila kumtazama:

"Leo njo banamuhukumu Mama Godelive. Beko mu salle ya réunion. Docteur alisema maoni yako haikufika."

Mathe aliunganisha waya. Akangoja mstari wa kijani ujae kwenye kioo cha kompyuta, akaona umejaa, akachomoa. Sanduku la mwisho lilikuwa salama. Hakubaki na kisingizio chochote, na hilo alilijua wazi kabisa. Akapiga moyo konde, akavuka uwanja hadi chumba cha mkutano.

Ndani walikuwa watu wanane kwenye viti vya plastiki. Docteur Gustave, mtu wa jimbo la Équateur aliyetumwa Beni na serikali miaka mitatu iliyopita, alikuwa mezani. Godelive alikaa peke yake upande wa dirisha, amevaa kitenge badala ya vazi jeupe, mikono mapajani. Upande wa pili alikaa Joyeuse. Alikuwa mdogo kuliko Mathe alivyomdhania, kama miaka ishirini na miwili hivi, na hakuondoa macho kwa Godelive.

"Ah, ingénieur," alisema Docteur. "Ndeko, ndugu yangu, tulikuwa tunakungojea. Kaa."

"Nitasimama, Docteur." Akaweka kompyuta sakafuni. "Ripoti yangu ilikuwa ya uongo. Machine njo ilikuwa na kosa. Mama Godelive hakuacha kidirisha wazi."

Godelive hakusogea.

Docteur aliondoa miwani. "Fafanua. Lakini fafanua kama kwa mutu, hapana kama kwa machine."

Mathe alikuwa ameandaa maneno ya kitaalamu njia nzima, na yote yakamtoka kichwani. Alichokiona mbele yake ni daftari la Godelive, limefunguliwa mezani.

"Docteur, wakati ulikuja huku, mulifanya remise-reprise na yule uliyemupokea?"

"Bien sûr. Kurasa kumi na saba."

"Ndani ya machine kuko kazi mbili. Moja inapima joto ya mutoto, ingine inapima betri. Zinatumia kiti moja. Kila mara moja inatoka, ingine inaingia, mara mingi sana mu sekunde moja. Mimi njo niliandika ile remise-reprise yabo. Nusu yake sikuandika. Kila mara kazi ya joto ilirudia kwa kiti, ilikuta namba ya betri mu mufuko yake, ikafikiri ni ya mutoto. Mvua ikanyesha siku tatu, betri ikashuka, ikakuwa vile bila kuacha." Alinyoosha kidole kuelekea daftari. "Mama aliandika taa nyekundu. Bila ile neno singejua mupaka leo. Remise-reprise yake yeye ilikuwa kamili. Yangu njo haikuwa."

Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Yesu." Docteur aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena.

"Umejua tangu lini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa amelikimbia kwenye matope ya Manguredjipa. "Siku tisa, Docteur."

Hapo Godelive akageuka. Alimtazama Mathe kama anavyomtazama mgonjwa anayeficha ugonjwa.

"Siku tisa," alisema polepole. "Ile siku tisa batoto yangu habakwenda ku masomo, juu benzabo banabaita batoto ya muuaji. Juzi bwana yangu amepeleka vitu yake kwa kaka yake." Alivifungua viganja vyake mapajani. "Nilimugusa ule mutoto kwa mukono yangu, nikasema anachomeka. Banganga bote ba hii nyumba baliuliza sanduku."

"Nisamehe, mama."

"Hapana leo," alisema Godelive. "Siku ingine, labda. Leo hapana."

Docteur Gustave alisimama na kusema aliyopaswa kusema: kwamba kamati inafuta mashtaka, kwamba Godelive anarudi kazini, kwamba itaandikwa barua na kusomwa kanisani, mtaani, popote jina lake lilipochafuliwa, na kwamba karakana itaandika ripoti mpya hapa hapa, mbele ya wote, na kuipeleka vituo vyote kumi na vinne. Mathe aliitikia kwa kichwa kila neno. Alijua Kahongya angeumia, alijua pia kwamba kuna akina mama ambao wangeogopa sanduku. Angelazimika kwenda kwao mmoja mmoja na kuwaeleza. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima, na ndiyo aliyostahili.

Walimpa karatasi. Akavuta kiti, akaandika tarehe. Ndipo Joyeuse aliposimama. Alivuka chumba, akasimama mbele ya Godelive, na kwa muda hakuna aliyejua atafanya nini.

"Miezi mbili," alisema. "Kila asubui nilikuwa naamuka, mbele ya kunawa uso, nakulaani. Wewe, batoto yako, tumbo yako. Kila asubui." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kilio. "Sasa nitalaani nani? Ile sanduku?"

Godelive alimshika mikono yote miwili.

"Hapana, mama," alisema Mathe toka mezani. "Sanduku haijue kitu. Ni mimi. Naitwa Mathe."

Joyeuse akamgeukia. Alimtazama mikono, akamtazama uso, akatazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Mathe alingoja laana yake, na alitaka aipate.

"Unaandika nini pale?" aliuliza Joyeuse.

"Ripoti. Ya kosa yangu."

"Mu ile ripoti yote banaandika *mutoto*. Banaandika *nouveau-né*. Docteur alinisomea, sikusikia jina." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa na jina. Nilimupa Kanyere. Andika."

Mathe aliinamia karatasi. Aliandika herufi ya kwanza na ya pili, kisha hakuona tena mstari uko wapi. Godelive akaja akasimama kando ya bega lake na kumtajia herufi zilizobaki, moja moja, mpaka jina likamalizika.